Asadu Hakuwa Kielelezo

Siku ya tatu ya Wiki ya Utamaduni mjini Jinja, Mastula alimkuta marehemu baba yake ukutani.

Alikuwa ameingia ukumbi wa pili kutafuta kivuli tu. Tangu asubuhi yeye na wenzake saba walikuwa kwenye banda lao uwanjani, jua likiwachoma kupitia turubai, wakiwaonyesha wapita njia namna ya kusuka tabaga, vile vifuniko vya ukili wa rangi ambavyo Wanubi hufunikia sinia la chakula. Walikuwa wametoka Namatala, Mbale, siku ya Jumapili, wanawake wanane na mizigo yao. Barua ya kamati iliwaalika kusuka siku zote za juma na kucheza doluka, ngoma ya Kinubi, Jumamosi alasiri. Walikuwa wamefanya mazoezi miezi miwili.

Ukumbi ule ulionyesha historia ya mji: reli, bwawa la umeme, viwanda vya nguo, maduka ya Wahindi. Mastula alipita polepole, mikono mgongoni, kama alivyotembea kwenye koridoo za magereza kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Alipokata kona ya mwisho akasimama.

Bango lilikuwa refu kumshinda. Lilijaa uso mmoja, uso wa mwanamume wa miaka thelathini hivi, kofia ya jeshi imekaa sawasawa, chale tatu kila shavu, macho yanakutazama moja kwa moja. Juu, kwa Kiingereza, kwa herufi nyekundu, paliandikwa SURA YA UKATILI. Chini, kwa herufi ndogo: Askari wa utawala wa kijeshi, miaka ya sabini.

Mastula alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasoma tena.

Baba yake, Asadu Sebit, alikuwa askari, hilo ni kweli. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kambi ya Jinja tangu mwaka sitini na nane hadi utawala ulipoanguka. Picha ile alikwenda kupigwa kwa hiari yake, kwenye studio ya Mhindi mmoja hapo hapo mjini, mwaka sabini na moja. Nakala yake ilikuwa bado inaning'inia sebuleni kwao Namatala, na humo Asadu alionekana mzima, kuanzia kofia hadi viatu vilivyong'arishwa, na tarumbeta ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hapa walikuwa wamemkata shingoni. Tarumbeta haikuwapo.

Alipokuwa amesimama hivyo, mwanamke mmoja alikuja kusimama karibu naye. Alikuwa mzee kumpita, pengine amevuka sabini, amevaa gauni refu la gomesi, la kijani, lililofuliwa mara nyingi, na alinuka moshi wa samaki. Yule bibi alilitazama bango kwa muda mrefu. Kisha akainama kidogo, akatema mate sakafuni, mbele ya uso wa Asadu.

"Mama," Mastula alisema kwa Kiswahili, "huyo unayemtemea mate ni baba yangu."

Bibi yule aligeuka kana kwamba ameguswa na chuma cha moto. Hakumtazama usoni. "Lugha hiyo hiyo," alijibu, kwa Kiswahili vilevile. "Hiyo hiyo ndiyo waliyotumia mlangoni kwetu." Akajitanda vizuri, akatoka nje.

Mastula alibaki na mate yale sakafuni. Angeweza kumkasirikia yule bibi, na kwa dakika moja alijaribu. Lakini yule hakuandika herufi nyekundu. Mtu alikuwa ameziandika, na Mastula akaondoka kwenda kumtafuta.

Alimpata kwenye chumba cha kamati, kijana wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimepunguzwa vizuri, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Jina lake Norman. Ndiye aliyepanga maonyesho yote ya ukumbi wa pili. Alimpokea kwa adabu, akamvutia kiti.

"Karibu, mama. Nyinyi ndio wanawake wa vikapu kutoka Mbale?"

"Si vikapu. Bwana, ile picha ya askari kwenye kona, umeitoa wapi?"

Norman alifurahi. Alidhani ameipenda. Akaanza kueleza, kwa Luganda kilichochanganyika na Kiingereza, kwamba studio moja ya zamani ilibomolewa, akapata sanduku zima la negativu, mamia ya nyuso, na ile ndiyo iliyomshika. "Macho yale, mama! Na zile alama mashavuni. Ukiipita huwezi kuisahau."

"Jina lake nani?"

"Hatujui. Sanduku halikuwa na majina."

"Alimuua nani?"

Norman alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua kama anatakiwa kucheka. "Mama, si kwamba tunasema mtu huyu hasa aliua. Ni kielelezo tu. Anasimama badala ya wakati ule."

"Anaitwa Asadu Sebit," Mastula alisema. "Ni baba yangu. Alipiga tarumbeta. Tarumbeta yenyewe ilikuwa hapa," akagusa kifua chake, "nanyi mmeikata. Kwa nini mliikata?"

Norman alitazama meza. "Ilikuwa inaharibu picha," alisema mwishowe. "Inaleta maana nyingine."

Ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake. Tarumbeta inaleta maana nyingine. Mastula aliinuka, akamwambia kwamba anataka bango lile lishushwe kabla ya jioni. Norman alisema atalipeleka suala kwa mwenyekiti, kwamba wageni waheshimiwa wangetembelea ukumbi Ijumaa, kwamba kila kitu kimeshapangwa. Alimwita mama mara nyingi sana. Alimsindikiza hadi mlangoni.

Jioni ile, kwenye nyumba ya wageni walikolala wote wanane, Mastula alimwambia Faridah, binti wa kaka yake na mcheza doluka mdogo kuliko wote. Faridah alikuwa mjukuu wa Asadu, lakini hakuwahi kumwona. Alikasirika hadi machozi yakamtoka.

"Turudi Mbale, shangazi. Kesho asubuhi. Wacheze wenyewe."

"Tukirudi, nani atabaki naye pale ukutani?"

"Lakini shangazi, nikuulize. Una hakika? Una hakika kabisa kwamba babu hakufanya kitu?"

Wenzao waliokuwa wakijipaka hina waliinua vichwa. Mastula hakumkemea. Yeye mwenyewe aliwahi kuuliza swali hilo, mwaka tisini na sita, Asadu akiwa mgonjwa. Kabla ya hapo walikuwa wamekimbilia Sudani kwa miguu mwaka sabini na tisa, wakazika watoto wawili njiani, wakarudi baada ya miaka saba na kuanza upya Namatala, ambako Asadu alitengeneza baiskeli za watu hadi mikono iliposhindwa. Siku ile Mastula alipomuuliza, alimjibu bila kuzunguka.

"Aliniambia hivi," Mastula alisema. "Sikumpiga mtu, sikumfunga mtu. Lakini nilipiga tarumbeta kwenye sherehe za watu waliokuwa wakiua, na nilijua wanaua, na nililipwa mshahara. Hilo nitaulizwa na Mungu. Ndivyo alivyosema. Basi na aulizwe na Mungu. Huyu Norman hakumuuliza hata jina."

Alhamisi asubuhi hapakuwa na jibu. Saa nne alikwenda kwenye ofisi ya kamati, akaambiwa mwenyekiti yuko kwenye mkutano. Saa sita aliambiwa amekwenda kula. Saa nane alipita ukumbini, akakuta kundi la wanafunzi wenye sare wamesimama mbele ya bango, mwalimu wao akiwaeleza, na msichana mmoja anaziiga zile chale kwa kucha kwenye mashavu yake ili wenzake wacheke. Mastula alisubiri hadi watoto wakatoka. Kisha akavuta kiti cha mlinzi, akapanda juu yake, mwanamke wa miaka sitini na miwili, akafungua kamba za juu moja baada ya nyingine. Bango likaanguka likimfunika kichwa. Akashuka, akalikunja taratibu kama mkeka, akalitia kwapani, akatoka nalo mlango wa mbele. Hakujificha. Mlinzi ndiye aliyekimbia kwenda kuita watu.

Walimfikisha kwenye hema la polisi karibu na lango la uwanja. Mkuu wa zamu alikuwa Afande Mugweri, mtu mnene, mtaratibu, aliyekuwa akipepea uso kwa ratiba ya Wiki ya Utamaduni. Norman alifika akihema.

"Afande, huyu mama ameiba mali ya kamati."

Mugweri alimtazama Mastula, akaona anavyosimama, visigino pamoja, mabega nyuma. "Mama, wewe ulikuwa wapi? Polisi?"

"Magereza, afande. Mbale."

"Kumbe." Akamwonyesha kiti. Akafungua daftari kubwa. "Haya, bwana Norman. Mimi naandika. Hii kitu iliyoibwa iko nini?"

"Bango. Picha."

"Picha ya nani?"

"Ya askari."

"Askari iko na jina. Mimi ni askari, naitwa Mugweri. Huyu naitwa nani?"

Norman alifuta jasho. "Hatuna jina lake."

Mugweri alilikunjua bango juu ya meza, likamwagika pande zote mbili. Alisoma herufi nyekundu polepole, midomo ikicheza. "Jina hujui," alisema. "Lakini ukatili wake unajua."

"Ni kielelezo, afande."

"Mimi nikienda kotini na kielelezo, hakimu nanifukuza." Akaweka kalamu chini. "Mama, na wewe. Wewe naweza kuonyesha huyu ni baba yako?"

Faridah, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa hema, tayari alikuwa amempigia mumewe Hakim kule Namatala. Hakim alikuwa ameitoa picha ukutani, akaipeleka uani penye mwanga, akaipiga kwa simu. Faridah akaingia, akaweka simu mezani kando ya bango. Uso ule ule, kofia ile ile, chale zile zile. Na chini ya kidevu, katika mikono miwili, tarumbeta iking'aa.

Mugweri alilinganisha nyuso zile mbili. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya Faridah.

"Niangalie na mimi."

Alikuwa yule bibi wa jana mwenye gomesi ya kijani. Hakuja kwa ajili ya Mastula. Alikuwa amemfuata Norman kutoka ofisini, kwa sababu naye alikuwa na shauri lake. Aliinama juu ya simu, akasogeza uso karibu, akatazama tarumbeta.

"Bendi," alisema. "Hawa walipita barabarani siku za sherehe. Tulitoka kuwaangalia." Kisha akainua kichwa, akamgeukia Norman. "Bwana, mimi naitwa Nabirye wa Masese. Mwezi wa tatu ulitangaza kwenye redio kwamba kila mwenye kumbukumbu ya miaka ile alete. Nilikuletea picha ya ndugu yangu Eriya. Picha ni moja tu, sina nyingine. Jana nimezunguka ukumbi wako mara tatu. Ndugu yangu yuko wapi?"

Sasa Norman alimtambua. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama Nabirye, picha yako ilikuwa ndogo. Ya kitambulisho. Tukiikuza inavunjika, haionekani vizuri. Iko salama, iko kwenye droo yangu."

"Kwenye droo," Nabirye alirudia.

Mastula alimtazama yule bibi, na kwa mara ya kwanza akaelewa kilichokuwa kimetokea ukumbini. Eriya alikuwa karani kiwandani. Mwaka sabini na tano watu wenye bunduki walibisha mlango saa ya chakula cha mchana, wakamwita kwa jina, wakamtia kwenye gari, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Nabirye aliyasema hayo hapo hemani, kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki kwa Wakenya, akiwa amesimama, hakukubali kiti. Alisema aliwaona kwa macho waliomchukua. Walikuwa watatu. Mpaka leo nyuso zao anazijua.

"Na huyu?" Mugweri aliuliza, akigusa bango.

Nabirye aliuinamia tena uso ule. Mastula alishika ukingo wa kiti.

"Huyu si mmoja wao," Nabirye alisema. "Nilimtemea mate kwa sababu ya maandishi. Mjukuu wangu alinisomea." Akamnyooshea Norman kidole, na sasa sauti ilipanda. "Ulikuwa na mtu aliyekufa, mwenye jina, mwenye dada anayekuja mwenyewe ofisini kwako. Ukamweka kwenye droo kwa sababu si mzuri. Ukatafuta mtu mzuri wa sura, ukamwita muuaji. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Mugweri alifunga daftari. Alisema haoni kesi ya wizi hapo, ila anaona kesi nyingine ambayo hana ukurasa wa kuiandika. Alimwamuru Norman akamletee Nabirye picha yake sasa hivi. Bango lilibaki kwa polisi, kwa usalama, hadi Wiki iishe.

Ijumaa wageni waheshimiwa walizungushwa ukumbini. Kwenye kona ya mwisho palikuwa na ukuta mtupu wenye kamba nne. Mwenyekiti wa kamati, alipoulizwa, alijibu kwamba sehemu hiyo imefungwa kwa sababu za kiufundi.

Faridah ndiye aliyesikia maneno hayo na kuyaleta bandani. Mastula alikuwa akikata ukili. Mkasi ulisimama.

"Za nini?"

"Za kiufundi, shangazi."

"Kiufundi!" Alirusha mkasi ndani ya kikapu. "Nimewatajia jina la mtu, nimewaonyesha na uso wake, wananipa kiufundi. Hata samahani ya uongo hawawezi?"

Usiku hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumamosi alikuwa ameshaamua. Hakumwambia mtu isipokuwa Nabirye, ambaye Mastula alimfuata hadi kwake Masese mapema, kati ya matanuri ya kukaushia samaki. Walizungumza kwa ufupi. Hawakuwa marafiki. Nabirye alimwambia waziwazi kwamba bado Kiswahili kinampa baridi, hasa kikisemwa vizuri. Mastula alijibu kwamba hana kingine cha kusemea mbele ya watu, Kinubi chake hakuna atakayekielewa na Luganda chake watakicheka. Nabirye aliendelea kugeuza samaki. "Basi utasema chako," alisema, "na mimi nitasema changu."

Alasiri uwanja ulijaa. Wanawake wa Namatala waliitwa jukwaani saa tisa, wakapanda wakiwa wamejifunga gurbaba zao za kutarizi, vitambaa vizito ambavyo bibi zao walivishona kwa mkono. Mshereheshaji aliwatambulisha kwa mzaha, akapiga saluti ya uongo, akasema, "Haya, afande, endelea afande!" Watu wakacheka. Kila Mnubi, ambaye watu humwona askari tu, ameshazoea kicheko kile.

Mastula alichukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Kabla hatujacheza," alisema, "nina neno. Siku tatu za juma hili, katika ukumbi ule, mlionyeshwa uso wa mtu, mkaambiwa ni sura ya ukatili. Mtu yule ni Asadu Sebit, baba yangu. Alikuwa mpiga tarumbeta. Sikuja hapa kusema kwamba miaka ile hakuna aliyeua. Waliua. Waliua watu wenu na watu wetu, na wengi wa wauaji hao walioponyoka mnawajua na mnawasalimia. Nasema tu kwamba ukitaka kumwita mtu muuaji, sharti ujue jina lake na jina la aliyeuawa. Kamati hii haikujua lolote kati ya hayo. Ilipenda macho yake na chale zake."

Kutoka katikati ya umati mtu alipaza sauti, "Ongea Luganda! Hiyo ya jeshi hatutaki!" Wengine wakazomea. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, anampungia mkono fundi wa mitambo. Kipaza sauti kikafa.

Mastula alikiweka chini sakafuni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amehesabu wafungwa kwenye uwanja mkubwa kuliko ule bila kipaza sauti chochote.

"Na nilipowaambia," aliendelea, na sauti ikafika hadi langoni, "walisema wameiondoa kwa sababu za kiufundi. Baba yangu si tatizo la ufundi!"

Kando ya jukwaa walikuwa wakisubiri vijana wa kadodi kutoka Wanale, ngoma zao ndefu zimeshafungwa shingoni. Mjumbe wa kamati aliwaendea akiwasukuma. "Anzeni! Pigeni sasa!" Kiongozi wao, Cliff, aliinua mikono juu ya ngoma, wenzake wakainua yao. Akamtazama yule mama jukwaani, akamtazama mjumbe. Akaishusha mikono.

"Hajamaliza," alisema.

"Nimekwambia piga!"

"Mimi napigia watu wacheze. Sipigii kumziba mtu mdomo. Akimaliza nitapiga."

Nabirye alikuwa amepanda kwa ngazi za nyuma, Faridah amemshika mkono. Alikuja kusimama kando ya Mastula, mdogo, ameinama kidogo, akaipandisha juu ile picha, ndogo kama kisanduku cha kiberiti. Hakuna aliyeweza kuona kitu kutoka kule chini. Alisema kwa Lusoga, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu wa Jinja walinyamaza ili wasikie.

"Huyu ni Eriya, ndugu yangu. Wengine hapa mlisoma naye. Alichukuliwa mchana, mlango uko wazi. Nilimpeleka kwenye kamati, wakamweka kwenye droo kwa sababu picha yake ni mbaya. Nilikuwa nataka mjue tu kwamba naye alikuwapo."

Mzee mmoja upande wa kushoto alisimama, akavua kofia. Watu watano au sita wakasimama. Wengi hawakusimama. Wengine waliendelea kununua mahindi ya kuchoma. Yule aliyezomea alizomea tena, mara moja, kisha akanyamaza.

Wanawake wa Namatala walicheza doluka yao bila kipaza sauti, kwa makofi na sauti zao wenyewe. Mastula hakucheza. Alikaa pembeni ya jukwaa na Nabirye. Walipomaliza, Cliff na wenzake walipanda, wakapiga kwa hasira hadi vumbi likapanda kutoka kwenye mbao.

Jumapili Norman alikwenda Masese na kamera. Aliomba radhi, na Nabirye aliona kwamba safari hii anaumia kweli. Kisha kijana akamwomba akae karibu na ziwa, mahali penye mwanga mzuri, aeleze habari za Eriya kwa ajili ya filamu fupi. Nabirye alimpa kiti, akampa chai, akakataa kamera. "Andika kwa kalamu," alimwambia. "Jina, kazi, mwaka, siku. Mwanga hauhusiki." Norman aliandika kurasa nne.

Mwaka uliofuata, wiki mbili kabla ya sherehe, simu iliita Namatala. Ilikuwa Nabirye. Alisema amepitishwa ukumbini kabla haujafunguliwa, na kwamba Eriya yuko ukutani, mdogo vilevile alivyo, bila kukuzwa, na chini yake jina lake kamili, kazi yake, na mwaka. Akaanza kulia. Mastula alimwacha alie hadi akamaliza.

"Na nyinyi mnafika siku gani?" Nabirye aliuliza.

"Hatukualikwa."

"Namna gani hamkualikwa?"

"Nilipiga simu. Waliniambia kikundi chetu kina fujo."

Nabirye akaanza kusema maneno ya Lusoga ambayo Mastula hakuyaelewa yote, lakini aliyaelewa vya kutosha.

Mastula alikata simu. Hasira aliyodhani imezeeka ilikuwa pale pale, changa, yenye meno. Fujo! Wao ndio waliomkata mtu shingoni na kumtundika, na fujo imekuwa ya binti yake. Alitoka uani, akamwita Faridah, Faridah akawaita wengine sita. Hawakujadiliana sana. Kila mmoja alitoa nauli yake.

Siku ya ufunguzi walishuka Jinja wote wanane, wamejifunga gurbaba, wakaenda moja kwa moja langoni. Mlinzi alipekua karatasi yake juu hadi chini, akaigeuza, akatazama na nyuma.

"Mama, kikundi chenu sikioni hapa. Mmealikwa na nani?"

"Hatukualikwa," Mastula alisema. "Bango lako hapo juu linasema wananchi wote wanakaribishwa. Sisi ni wananchi. Sogea, mwanangu."

Mlinzi alisita, akatazama nyuma kumtafuta mkubwa wa kumuuliza, asimwone. Akasogea. Nabirye alikuwa akiwasubiri mlangoni mwa ukumbi wa pili. Alimshika Mastula mkono, akawaongoza ndani hadi mbele ya Eriya, akaanza kuwasomea jina, kazi na mwaka, maneno ambayo mjukuu wake alikuwa amemsomea hadi akayajua kwa moyo.